Jumapili Niliyosema Baba Kapiga Simu

Nilidanganya kanisani. Sisemi ule uongo mdogo wa kudai umesahau sadaka nyumbani wakati imo mfukoni inasubiri maandazi. Huo nao nimeshausema, lakini leo tuuache upumzike. Nilisimama wakati wa ushuhuda mbele ya kanisa zima la hapa kwetu Murungu, nikashika kipaza sauti, nikasema baba yangu kapiga simu. Hakuwa amepiga. Mara ya mwisho tulipoisikia sauti yake mahindi yalikuwa yanafika magotini, na Jumapili hiyo mahindi yalikuwa yameshavunwa, yamepukuchuliwa, na mengine tumeshayala.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikisimulia haraka naonekana mbaya kuliko nilivyo.

Baba alivuka mpaka pale Mabamba kwenda Burundi kumzika shangazi yake. Alizaliwa huko, akaja huku mgongoni mwa bibi, akakulia kambi ya wakimbizi, baadaye akapata uraia. Cheti chake cha uraia kiko kwenye fremu ukutani, juu ya kalenda, na ole wako ukipiga mpira sebuleni. Alisema atarudi kabla ya palizi ya pili. Palizi ikafika, tukapalilia bila yeye. Kila tukimpigia anapokea yule dada wa mtandao, namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mdogo wangu wa kike, wa darasa la pili, akamchukia dada huyo kwa moyo wote. Aliamini ndiye aliyemchukua baba.

Watu hawakukosa la kusema. Wengine walisema amekamatwa kwa mambo ya karatasi. Wengine walisema amepata shamba la urithi pamoja na mwanamke wa kulilima. Na mmoja, jirani yetu kabisa, alisema kwa sauti ya chini akidhani nimelala kwenye mkeka, kwamba mtu anaweza kufa huko na asiwepo wa kuleta habari. Nilibaki nimefumba macho. Tangu siku hiyo nikawa nalala vibaya, na mchana nikawa nafanya utani maradufu. Walimu walidhani nimeota mapembe. Kumbe nilikuwa naogopa.

Mama hakumjibu yeyote. Kila Jumapili tu, ukifika wakati wa ushuhuda, alisimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akasema, "Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu. Mume wangu atarudi." Halafu anakaa. Hakuongeza kitu. Mwanzoni kanisa liliitikia Amina iliyotikisa mabati. Wiki zikaenda, ikawa Amina ya kawaida. Mwisho ikawa ile Amina ambayo mtu anaitoa huku anatafuta chenji ya sadaka.

Mimi hukaa benchi la nyuma na mshikaji wangu mmoja tunayesoma naye kidato cha tatu. Kazi yetu kule nyuma haihusiani sana na wokovu. Yeye anasinzia na kuitikia Amina usingizini. Mimi namwigiza mchungaji anavyofuta jasho kwa leso hata siku ya baridi kali. Mama akisimama kusema maneno yake, nilikuwa naangalia kamba za viatu vyangu. Nilimwonea aibu, huo ndio ukweli. Nilijiuliza kwa nini asikae kimya kama wenzake wenye shida. Mwenye shida ya kweli huomba maombi, huleta jina lake kwa wazee wa kanisa, basi. Yeye alikuwa anatangaza kama mtu wa kwenye redio.

Jumapili hiyo akasimama kama kawaida. "Bwana asifiwe." Tukaitikia. "Namshukuru Mungu." Akanyamaza. Tukasubiri yale maneno matatu yaliyobaki, ambayo hata watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameshayakariri. Hayakuja. Mdomo wake ulikuwa wazi, mkono umeshika mgongo wa benchi la mbele.

"Leo mtandao umekata," mshikaji akaninong'oneza.

Nikacheka. Nilicheka puani tu, lakini nilicheka, na hapo ndipo pananiuma hadi leo kuliko hata uongo wenyewe. Halafu nikauona ule mkono wake. Vidole vilikuwa vimelibana benchi kama mtu aliyesimama ndani ya lori.

Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kuvumilia kimya. Mwalimu akiuliza swali darasani na wote wakainama, najibu mimi, upuuzi wowote, ili mradi watu wapumue. Basi mwili ukasimama kabla ya akili. Nikapita katikati ya mabenchi, nikachukua kipaza sauti kwa mzee wa kanisa, nikasema, "Bwana asifiwe! Mama ameshindwa kusema kwa furaha. Baba kapiga simu jana. Anakuja!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Vigelegele, ngoma, bibi mmoja akapiga kelele za Kiha, "Imana ishimwe!" yaani Mungu asifiwe, huku anarusha kanga yake juu. Mchungaji akafuta jasho, safari hii la kweli. Akatangaza kwamba Jumapili ijayo familia yetu itatoa shukrani.

Kwetu shukrani si neno la mdomoni. Mwenye shukrani anakuja na kikapu kichwani, maharage au mahindi, akiwa na kuku ndiyo bora zaidi, anasimama mlangoni, na ndugu na majirani wanajipanga nyuma yake. Ngoma ikianza mnaingia mnacheza mpaka madhabahuni. Ibada ikiisha vitu vinanadiwa nje kwa ajili ya kanisa. Ukishaitangaza shukrani huwezi kuirudisha, kama vile huwezi kurudisha harusi.

Nikamwangalia mama. Nilitegemea atanikata jicho, nipate pa kuanzia kuungama. Hakunikata jicho. Alikuwa analia na kucheka. Aliamini. Simu ya nyumbani ni moja tu, na Jumamosi mimi ndiye niliyeipeleka kuichajisha dukani na mimi ndiye niliyeirudisha, na hakuna aliyeigusa tena. Kwa nini asiamini?

Njiani akaniweka pembeni.

"Mbona hukuniambia jana?"

"Nilitaka iwe sapraizi."

"Alisemaje?"

"Alisema anakuja."

"Lini?"

"Karibuni. Kelele zilikuwa nyingi."

Akatembea hatua chache. "Sauti yake ilikuwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ya dunia, si hilo. "Kama ana mafua," nikasema.

Sijui mafua yalitoka wapi. Lakini yalifanya kazi kuliko uongo wote uliotangulia, kwa sababu mama alisimama katikati ya barabara akashika shavu. "Yooo! Kule baridi. Na koti aliliacha." Jioni hiyo hiyo alianza kutafuta tangawizi. Akang'oa mchaichai nyuma ya nyumba akauanika. Wiki nzima alikuwa akiamka anasema, "Sijui mafua yameisha?" na mimi najibu, "Yatakuwa yamepungua." Nimemtibu baba yangu ugonjwa niliompa mimi.

Jumatatu nikapita dukani. Mwenye duka ni mzee Mwislamu, kwao ni pwani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka ukizungumza naye unajisikia kama unatafuna mawe. Ana sola na sanduku la mbao lililojaa simu za kijiji kizima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia kuna furaha kwenu. Baba amepiga."

"Ndiyo mzee."

"Siku ya Jumamosi."

"Ndiyo."

Akachukua kitambaa akawa anafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Jumamosi kulikuwa na mawingu kutwa. Hakuna simu hata moja iliyowaka katika sanduku hili. Nilikurudishia simu imezima na nikakuomba radhi. Sasa huyo baba alipiga wapi? Kwenye ubao?"

Nikatafuta utani.

"Mimi sitasema," akasema. "Sikuwamo kanisani kwenu. Ila mama yako alikuja hapa alfajiri kuchukua tangawizi, na sijamwona akicheka vile tangu mvua za kwanza. Wewe ndiye uliyeliwasha hilo, mwanangu. Mimi siwezi kulizima, hata kwa hisani."

Nilitoka pale bila kuaga. Nikajaribu kumwambia mama jioni jikoni, moshi ukiwa mwingi ili asinione vizuri.

"Mama."

"Eeh."

"Nina jambo."

"Kama ni viatu, msubiri baba yako."

Basi jambo likarudi lilikotoka.

Kuanzia hapo nikaanza kumwomba Mungu, na nikagundua kwamba miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwomba, nilikuwa nafumba macho tu kwa adabu. Maombi yangu yalikuwa ya ajabu. Niliomba uongo wangu uwe kweli. Baba apige hata mara moja, hata kwa simu ya mtu, tena ikiwezekana aanze na kupiga chafya. Halafu likaniingia wazo baya zaidi: je, kama Mungu alikuwa amepanga baba apige kweli wiki hii, na sasa ameghairi kwa sababu yangu? Kwamba simu ya baba ilikuwa moja tu, na mimi nimeshaitumia? Nikalala na wazo hilo. Ukiwa na akili kama yangu usiipe nafasi usiku.

Jumatano sikwenda shule. Nikadandia lori la wafanyabiashara hadi Mabamba, sare nimeikunja ndani ya begi. Nilijiambia nikimpata mtu aliyemwona baba, uongo wangu utakuwa umepungua nusu. Nikasimama pale wanapopita watu wanaotoka ng'ambo, akina mama wenye maparachichi, vijana wenye madumu ya mawese kwenye baiskeli, kila mmoja anaharakisha. Nikawa nauliza. Mrefu, ana kovu kidevuni, akisimulia kichekesho anacheka mwenyewe kabla hajakimaliza.

Wengi hawakusimama. Mama mmoja aliyekuwa anapumzisha dumu lake ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho.

"Ni baba yako?"

"Ego, ndiye."

Akanitazama. "Oya, mwana wanje. Hapana, mwanangu. Sijamwona. Wanaume warefu wanapita wengi. Wanaocheka ndio wachache, huyo ningemkumbuka."

Nikamshukuru. Nikaenda nyuma ya kibanda cha chipsi kilichofungwa, nikakaa chini. Niliangalia vile vilima vya upande wa pili, vina migomba na moshi kama vya kwetu, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa sauti swali ambalo nilikuwa nalikimbia kwa utani: na kama hayupo tena? Kuku alipita.

Hapo ndipo nilipomfikiria mama. Swali hilo hilo alikuwa nalo yeye kila siku, akienda nalo shambani, akirudi nalo. Halafu Jumapili anasimama mbele ya watu wanaonong'ona, hana simu, hana barua, hana mtu aliyemwona, anasema atarudi. Mimi nilidhani ni ubishi. Nikajaribu kulisema lile neno pale nyuma ya kibanda, peke yangu. "Atarudi." Halikutoka. Mtu niliyeweza kusema "baba kapiga simu" kwa kipaza sauti bila kupepesa macho, nikashindwa kumwambia kuku neno moja.

Jumamosi mama akafua shati la baba, lile jeupe la kanisani, akalianika kwenye kamba. Mawingu yalikuwa mazito, shati likaning'inia tu na mikono yake miwili. Nilikuwa nikipita pale nalikwepa kama deni.

Mchana akafika baba mdogo kutoka Kitanga, kule Kasulu. Mchungaji alikuwa amempigia kumpa habari njema. Alishuka kwenye basi na suti iliyokunjwa begani na jogoo mwekundu kwapani.

"Kaka akikuta nyumba haina jogoo atasema nini?" akasema, akacheka sana. Halafu akanivuta. "Hebu wewe, alipiga kwa namba gani? Na mimi nimpigie."

"Namba… ilikuwa imejificha, baba mdogo."

"Imejificha? Namba inajificha kama nani?"

"Mwache mtoto," mama akasema kutoka jikoni. "Atatuambia mwenyewe akifika. Na umwonee huruma, ana mafua."

Jogoo yule akawika alfajiri ya Jumapili, dirishani kwangu kabisa. Sihitaji kueleza. Aliyewahi kukaa shule ya Jumapili hata wiki moja anajua jogoo akimwikia mtu maana yake nini. Nilijifunika blanketi nikasema, "Nimesikia, nimesikia."

Kanisa lilijaa. Wengine walikuwa wa makanisa mengine. Mlangoni mama alisimama na kikapu cha maharage kichwani, kitenge kipya cha kuazima, mdogo wangu amemshika nguo, nyuma yao baba mdogo na jogoo, nyuma yake kina mama wa kwaya. Mpiga ngoma alishainua mikono. Mimi nilitakiwa niwe mbele, maana ndiye niliyepokea simu.

Badala ya kucheza nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji nikaomba kipaza sauti. Akanipa huku anatabasamu.

"Bwana asifiwe."

Amina iliyorudi ilikuwa kubwa mpaka nikarudi nyuma hatua.

"Baba hakupiga simu."

Wakacheka. Kanisa zima. Mshikaji wangu kule nyuma alicheka mpaka akapiga benchi. Nimejenga jina la mchekeshaji kwa miaka, na siku niliyohitaji mtu mmoja anisadiki, wakanipigia makofi.

"Sitanii," nikasema, na sauti ikapasuka. "Hakupiga. Simu ilikuwa imezima. Mafua pia si kweli. Nilidanganya. Nilikwenda Mabamba kumuulizia, hakuna aliyemwona. Sijui yuko wapi."

Kicheko kikafa kidogo kidogo, kama mvua inayohama. Mtu akasema "Yooo" taratibu. Mama alikuwa bado mlangoni, kikapu kichwani, mikono imeshuka. Sikuweza kumwangalia usoni, nikawa namwangalia miguu. Kimya kile ndicho nilichokiogopa maisha yangu yote, na safari hii sikuwa na cha kukijaza. Nilikuwa na kitu kimoja tu na hakikuwa changu.

"Mama anasema atarudi," nikasema. "Na mimi nasema… hivyo hivyo. Sina simu. Nasema tu."

Nikaweka kipaza sauti mezani kikalia vibaya.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mpiga ngoma alikuwa ameshusha mikono. Mchungaji alikuwa na leso mkononi lakini haifuti kitu. Halafu miguu ile niliyokuwa naiangalia ikaanza kutembea. Bila ngoma, bila wimbo, mama akaja katikati ya kanisa peke yake, ndala zikisikika kwenye sakafu. Akapita pembeni yangu. Akashusha kikapu mbele ya madhabahu, nikasikia maharage yanakaa sawa. Akageuka. Akakaza kitenge cha kuazima kiunoni.

"Bwana asifiwe," akasema. Watu wachache wakaitikia. "Namshukuru Mungu." Akavuta pumzi pale pale alipokwama wiki iliyopita, nikadhani atakwama tena, na nikajua akikwama safari hii ni mimi niliyemkwamisha, na hatasimama tena. "Mume wangu atarudi."

Amina haikuwa kubwa. Baba mdogo aliitikia, yule bibi wa kanga aliitikia, na nyuma kabisa mshikaji wangu, hakuwa amelala. Mimi pia. Baba mdogo akaja akamlaza jogoo kando ya kikapu, jogoo akakataa kulala, tukaendelea na ibada.

Nje kwenye mnada hakuna aliyemtaka yule jogoo, nadhani walimwogopa. Baba mdogo akamnunua mwenyewe. "Nimemlea, nimemtoa, nimemnunua," akanung'unika, "na bado anataka kunidonoa."

Mchungaji hakuniadhibu. Alinishika bega tu akasema nimwone katikati ya wiki, na hilo ni baya zaidi. Tukashika njia ya nyumbani. Mama alitembea mbele na kikapu kitupu mkononi. Mdogo wangu aliniuliza kama dada wa mtandao anajua baba aliko, nikamwambia hajui na yeye. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Nilisubiri kofi, ningelipokea kwa shukrani. Tulipofika uani akaweka kikapu chini, akanitazama, macho mekundu, akasema hivi, neno kwa neno:

"Mimi nilisema atarudi. Wewe ukasema amepiga. Hayo si maneno mamoja, mwana wanje. Na yale mafua nimelala nayo wiki nzima. Haya, kaanue shati la baba yako, mvua hiyo."